Traksuti ya Laki Tatu na Nusu

Klabu yetu ya jogging pale Temeke watu wanakimbia na fulana za kampeni, wengine na raba zinazochungulia kidole gumba. Mimi nikajiona mtu mzima, siwezi kuanza hivyo. Nikaingia duka lenye kiyoyozi, nikatoka na mfuko wa karatasi ngumu, mfukoni zimepungua shilingi 350,000.

Traksuti ilikuwa nyeusi, polista nzito yenye bitana ndani, kola inapanda hadi kidevuni. Nasikia nguo ya kwanza kabisa ya Adidas, mwaka 1967, ilikuwa traksuti yenye jina la mwanasoka Franz Beckenbauer. Sawa, lakini Beckenbauer alikuwa anakaa Munich, Ujerumani kwenye baridi. Mimi nakaa Temeke, na ilikuwa Januari.

Jumapili alfajiri nikafunga zipu mpaka juu, tukatoka. Hata Chang'ombe hatujafika, mgongo wote maji. Nikavuta zipu ishuke. Wapi! Imeng'ata bitana chini ya kidevu, mahali ambapo macho yangu hayafiki. Nikajaribu kuivulia kichwani, ikafika masikioni ikagoma, nikabaki gizani nimenyoosha mikono kama naombewa. Mbio zikasimama, kila mtu fundi. Mmoja akaomba wembe kwa muuza duka.

"Usikate!" nikapiga kelele kutoka ndani ya nguo.

Nyumbani mke wangu alinipokea na mkasi. Nikamweleza bei. Hakuwa anaijua bei. Akauweka mkasi chini taratibu, akaniangalia sana, kisha akasema, "Mume wangu, hapo umevaa au umevaliwa?"

Mafundi wa mtaani kwetu Jumapili hawafungui. Basi nikashinda nayo. Nimekula ubwabwa nayo, feni namba tano. Jioni mama mdogo akaja kututembelea, akaniona feni inavuma na mimi nimejifunga hadi kidevuni natiririka, akauliza kama nimeshapima malaria. Nikasema nitapima kesho. Nimelala nayo pia, kama mtu anayesubiri basi la mkoani.

Jumatatu saa moja nilikuwa barazani kwa mzee mmoja mwenye cherehani ya miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inua kidevu."

Akavaa miwani, akachokonoa bitana kwa sindano, akapaka meno ya zipu kipande cha mshumaa, akavuta mara moja. Krrr! Upepo ukaingia kifuani, machozi yakanilengalenga.

"Zipu yako nzima, YKK hii," akasema, akinionyesha nyingine kama hiyo kwenye kopo lake la maziwa. "Bitana ndiyo wameshona imelegea. Nipe mia tano."

Nikampa elfu moja, nikamwambia abaki na chenji. Akaishika ile traksuti, akaigeuza mshono kwa mshono.

"Umenunua shilingi ngapi hii, mwanangu?"

Aibu ikanishika. Nikamwambia elfu ishirini.

Mzee akavua miwani, akanitazama kwa huruma. "Umepigwa."