Mama nzi harithishi jeni tu

Ndizi zikiiva kupita kiasi jikoni, wale nzi wadogo wenye macho mekundu hufika bila kuitwa. Nawafukuza kama mtu yeyote, lakini ndio walionifanya nigombane na lile somo la urithi tulilokaririshwa shuleni: nusu ya baba, nusu ya mama, basi.

Ndani ya jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, kuna vipande visivyotulia. Hujichomoa au hujinakili, kisha vikajipachika kwingine. Kikiangukia katikati ya jeni, jeni hiyo huharibika. Barbara McClintock aliving'amua kwenye mahindi miaka ya 1940, na Nobel akaja kuipata mwaka 1983, akiwa bibi kizee. Karibu nusu ya jenomu yetu sisi binadamu ni vipande hivyo, vingi vikiwa mabaki tu.

Sasa turudi kwa nzi. Kipande kimoja, kiitwacho P, kilivamia nzi wa matunda katika karne ya 20 kikitokea kwa spishi nyingine. Nzi waliofungiwa chupani maabara tangu zamani hakikuwafikia. Watafiti wakampandisha dume wa porini kwa jike wa maabara: watoto wakatoka wagumba, hasa wakilelewa kwenye joto. Wakageuza, jike wa porini na dume wa maabara. Watoto wazima kabisa! Na P wamerithi vilevile.

Siri imo ndani ya yai. Mama anayetoka ukoo wenye P hulitilia yai lake piRNA, vipande vya RNA (molekuli jamaa ya DNA) vyenye herufi ishirini na kitu. Protini za jamii ya Piwi huvibeba, na popote zinapokuta maandishi yanayolingana navyo, huyakata au huyanyamazisha. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba piRNA hizo hutokana na mizoga ya vipande vilivyonasa zamani humohumo kwenye jenomu. Dawa ya moto ni moto, kweli. Baba hana cha kuchangia hapo. Mbegu yake haibebi akiba hiyo.

Ndiyo maana "nusu kwa nusu" naiona ni hesabu ya kupunja.

Na wale mabinti wagumba? Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wakisogea umri, seli zao huanza kujitengenezea piRNA za P, na baadhi yao hutaga.