Gobore Halikucheua, Lilitema

Naona habari ya aibu niliyoipata na gobore langu kwenye shabaha imeshawafikia. Sawa. Ila aliyewaletea ana mkono mzito wa chumvi, kwa hiyo sikieni na kwa mwenye gobore.

Nilikuwa namfundisha kijana mgeni wa kazi hii, nimejitanua kama mwalimu mkuu. "Baruti nyeusi tu, bwana mdogo. Ile isiyo na moshi itapasua mtutu. Na usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuwekea baruti: cheche ikibaki ndani ya mtutu, pembe nzima inakulipukia mkononi. Pima kwanza. Greni 70, kama gramu 4.5." Nikajaza kipimo, nikamwonyesha, nikakiweka mezani.

(Mnaojua mmeshaanza kucheka. Ngojeni.)

Kitambaa chenye mafuta mdomoni mwa mtutu, risasi ya mviringo juu yake, mdeki (ule ufito wa kushindilia), shindilia. Ikateremka laini, nikajisifu kimoyomoyo. Fataki, kile kikofia cha kuwashia, juu ya kifa, chuchu yenye tundu la kupitisha moto. Watu wakaziba masikio. Nikalenga, nikatuliza pumzi, nikafyatua.

Pap.

Fataki peke yake. Hapo sheria ni moja: mtutu ubaki shabahani, uhesabu dakika nzima, maana moto huweza kuchelewa kufika kwenye baruti. Jamani, dakika ya kulenga kitu ambacho hukipigi, watu saba wakikutazama mgongo! Jasho likaniingia jichoni, sikuthubutu kulifuta. Kwenye 40 hivi, kijana akaninong'oneza kwa adabu zote:

"Mwalimu, na hii ya mezani tunaitia lini?"

Sikugeuka. Nikaendelea kuhesabu. Ningeweza kuhesabu hadi jioni.

Mdeki wangu una alama mbili, ya mtutu mtupu na ya mtutu ulioshiba. Nikautumbukiza: ile ya shibe imezama vidole viwili, yaani chini ya risasi hakuna baruti. Alama nilizichora mimi mwenyewe, na mahali pa kuzitazama ni pale pale unaposhindilia.

Yaliyobaki ni haraka haraka. Nikafungua kifa, nikapenyeza chembechembe za baruti tunduni, nikarudisha, nikahakikisha risasi imekaa chini kabisa (pakibaki nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba), fataki mpya, nikalenga. Puu. Nyumbani maji ya moto na sabuni, kukausha, mafuta, kulala.

Sasa huyo anayesema risasi ilianguka hatua 6 ni mwongo. Zilikuwa 11. Nilizihesabu na yule kijana.