Gasketi ya manifodi: kazi ninayotaka mwenye gari aifanye mwenyewe

Gari likipandisha lenyewe sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta), likihema juu chini kwenye foleni au kuzima ukisimama kwenye mataa, mtaani dawa hutajwa kabla ya ugonjwa. Badilisha plagi. Badilisha koili. Osha nozeli. Mwenye gari ananunua kimoja baada ya kingine na sailensa inabaki ile ile. Kwa magari ya umri wa Corolla 110, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1995, mimi huanza kwa kuitilia shaka gasketi, kile kizibo chembamba kinachokaa kati ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Imepata moto na kupoa kwa zaidi ya miaka 20. Inakauka, inasinyaa, na hewa inaanza kupenya pembeni.

Hewa hiyo inapita bila ruhusa ya troto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, na kila injini hulalamika kwa namna yake. Injini ya 5A-FE iliyomo kwenye 110 nyingi haipimi hewa moja kwa moja. Kompyuta inakadiria kwa kusoma presha ndani ya manifodi. Hewa ya pembeni ikiingia presha inapanda, kompyuta inaongeza mafuta, na sailensa inapaa kana kwamba umekanyaga mafuta kidogo. Injini zinazopima hewa mlangoni, kama 1NZ-FE nyingi za kwenye IST na Fielder, hewa iliyoingia baada ya sensa haimo kwenye hesabu. Mafuta yanapungua kulingana na hewa, injini inatetemeka, na mashine ya kupimia inaandika P0171, msimbo unaosema mafuta ni machache kuliko hewa. Hapo ndipo watu hukimbilia kununua sensa mpya ya oksijeni, ile inayosoma moshi wa ekzosi. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu sensa iliyotupwa ilikuwa inasema kweli.

Kabla ya kufungua chochote, kagua mipira midogo ya vakyumu, ile inayounganishwa kwenye manifodi. Mpira uliopasuka huleta dalili hizo hizo na bei yake ni ndogo. Mipira ikiwa mizima, acha injini kwenye sailensa na upulizie dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio ya manifodi. Mlio ukibadilika, umepata mahali. Dawa hiyo inawaka moto, kwa hiyo weka mtungi wa zimamoto karibu na usipulizie upande wa ekzosi. Kwenye 110 ekzosi iko mbele na manifodi ya hewa iko nyuma, hilo linasaidia.

Sasa nani aifanye kazi yenyewe ya kubadilisha gasketi? Nasema mwenye gari, nyumbani, siku asiyokuwa na safari. Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi. Fundi wa gereji ya mtaani anaijua kazi hii kuliko mimi na wewe. Lakini analipwa kwa gari, halipwi kwa saa, na lako likiwa wazi kuna jingine limeshafunguliwa boneti linamsubiri. Ugumu wa gasketi hii hauko kwenye ujuzi. Uko kwenye muda, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kukwangua. Muda ukibana, ndipo unaposikia, "Bosi, hapa tunapaka silikoni tu, inakubali."

Siikubali silikoni, ile gundi ya kuzibia, mahali hapo. Petroli inailainisha, vipande vinavyojitokeza ndani vinaweza kung'oka na kuvutwa kwenye silinda, na mvuke wa baadhi ya silikoni unaharibu sensa ya oksijeni. Gasketi ya karatasi ngumu au ya chuma hufungwa kavu, juu ya uso safi. Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, na namba ya injini yako mkononi, na ununue na ya troto pamoja, maana utaifungua hiyo pia.

Kufungua kwenyewe hakuna maajabu, ila injini iwe imepoa kabisa. Toa releyi (swichi ndogo ya umeme) ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka izime yenyewe ili presha ya mafuta ishuke, kisha toa waya wa hasi wa betri. Punguza maji ya rejeta, kwa kuwa kuna mipira ya maji inayopita kwenye troto. Piga picha kila hatua, bandika alama kwenye kila mpira na kila soketi ya waya. Bolti nyingi zinachukua boksi namba 12. Za chini huzioni, unazitafuta kwa vidole upande wa ukuta wa kabini, na kuna mkono wa kushikilia manifodi kwa chini ambao wengi huusahau, kisha wanavuta manifodi kwa nguvu wakidhani imeganda.

Ikishatoka, ziba matundu ya silinda hedi kwa vitambaa safi, kisha kwangua. Tumia kipande cha plastiki ngumu au cha mti. Aluminiamu ni laini. Bisibisi ikiiparuza unakuwa umetengeneza njia mpya ya hewa, na jiwe la grainda au msasa wa mashine hunyunyiza chembe ambazo injini haizisamehi. Rudia mpaka kidole kikipita kisihisi mabaki yoyote. Nikipewa kazi hii nzima niigawe, muda mwingi kuliko wote ningeupa hapa. Halafu weka rula ya chuma juu ya uso wa manifodi uangalie kama umepinda. Ikipinda, ipeleke kwa wachonga vyuma wainyooshe, la sivyo gasketi mpya haitakusaidia.

Kwenye kufunga, anza bolti zote kwa vidole. Inayogoma kwa vidole isilazimishwe kwa spana, kwa sababu nyuzi za kwenye aluminiamu zikiliwa umejiongezea kazi nyingine kubwa. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, ukimalizia na spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Bolti hizi hazihitaji nguvu nyingi. Bomba refu la kuongezea mkono libaki kwenye nati za magurudumu.

Rudisha maji, toa hewa kwenye mfumo wa maji, washa. Kompyuta imepoteza kumbukumbu kwa kuwa betri ilitolewa, kwa hiyo sailensa inaweza kuyumba kidogo mwanzoni. Ikishatulia, rudia kupulizia dawa kwenye maungio yale yale.

Hata hivyo, sitamshawishi mtu afanye hivi kwa gasketi ya silinda hedi. Hiyo inataka kupanga taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni), mashine ya kusawazisha hedi, na mtu aliyeshaifunga mara nyingi. Ya manifodi ni tofauti kabisa, na ninasikitika kuwaona wenye magari wazima wa mikono wakiiogopa.