Mkasi, gundi na mikono ya wanaume

Katika daftari moja la marehemu baba, lililokaa miaka mingi kwenye sanduku la bati huko Jinja, kuna kipande cha gazeti cha Septemba 1972: John Akii-Bua ameshinda mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich, kwa sekunde 47.82. Kimebandikwa kwa gundi ya unga wa ngano na mende wamekula pembe mbili, lakini tarehe iliyoandikwa pembeni kwa wino bado inasomeka. Wageni wakiliona huuliza, mwanamume naye hukaa na mkasi akikata na kubandika? Wanaamini hiyo ni kazi ya akina mama.

Historia inasema vingine. Mwandishi Mmarekani Mark Twain alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1873 kwa kitabu chenye kurasa zilizokwisha pakwa gundi. Mtu alihitaji maji tu ili kubandika. Muhimu zaidi kwangu ni William Dorsey wa Philadelphia, mtu mweusi aliyezaliwa 1837, aliyejaza vitabu karibu 400 vya vipande alivyovikata, na Alexander Gumby wa Harlem, mtaa wa New York, ambaye vitabu vyake vilihifadhiwa na Chuo Kikuu cha Columbia. Wakati historia ya watu weusi ilipopuuzwa na wenye maktaba, wao walijijengea maktaba kwa mkasi. Hapa Uganda, Kaddu Wasswa alitunza karatasi na picha za maisha yake hadi zikazaa kitabu mwaka 2010.

Hata hivyo wanaowatetea akina mama wana hoja nzito. Karatasi za mwanamume huitwa nyaraka na kupelekwa chuoni. Albamu ya mwanamke huitwa pambo la sebule. Tena, katika madaftari manne ya baba hakuna harusi wala mtoto aliyezaliwa. Hayo yote yamo katika albamu ya mama: kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), ubatizo, matanga, majina yakiwa nyuma ya kila picha. Pesa ya gazeti na ada ya shule vilitangulia kwa wavulana, kwa hiyo daftari la baba linaonyesha pia nani aliruhusiwa kuwa msomaji.

Lakini siwaungi mkono wanaotaka wanaume hawa waachwe kwa kuwa wamesifiwa vya kutosha. Waliosifiwa ni wakubwa. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za wapigapicha wa serikali ya Amin: magwaride, hotuba, mikutano. Waliotoweka hawaonekani humo. Daftari la karani au mwalimu, lenye alichochagua yeye mwenyewe kukiweka, linatupa jicho lingine juu ya miaka ileile, nasi tunaliacha liliwe na mchwa.

Mwaka jana nilimwonyesha shangazi ukurasa wa Akii-Bua. Aliutazama kwa muda, akaweka kidole kwenye tarehe. "Huu si mwandiko wa kaka yangu," akasema. "Ni wa mama yako." Nililinganisha na nyuma ya picha za albamu. Ni mkono mmoja, na umo katika madaftari yote manne.