Uso wa Senusret III haukuombi huruma

Ukisoma maelezo ya mtandaoni kuhusu sanamu za Senusret III, farao wa nasaba ya 12 aliyetawala Misri katika karne ya 19 KK, utakuta wimbo ni uleule: huyu ni mfalme aliyechoka, mfalme mwenye utu, aliyekubali kuchongwa kama alivyo. Mimi hoja hiyo hainiingii akilini.

Nakubali kwamba uso wenyewe unashawishi. Zitazame zile sanamu zake tatu za jiwe jeusi kutoka Deir el-Bahari, eneo la mahekalu huko Misri, ambazo sasa ziko Makumbusho ya Uingereza, London. Kope ni nzito, zimeteremka juu ya macho. Chini ya macho ngozi imelegea, mikunjo inashuka kutoka puani hadi mdomoni, na midomo imefumbwa kama ya mtu aliyekwisha kusikia visingizio vya kutosha. Sasa shuka chini ya kidevu. Kifua kipana, kiuno chembamba, tumbo halina hata dalili ya kitambi. Uso wa mzee umepachikwa kwenye mwili wa bondia. Kama mchongaji aliambiwa aonyeshe ukweli, mbona ukweli umeishia shingoni?

Halafu kuna masikio, makubwa kupita kiasi, yametokeza mbele ya kilemba cha kifalme. Wapo wanaosema ni ishara ya mfalme anayesikiliza raia wake. Inawezekana. Lakini kwa karani au mkuu wa mkoa wa enzi hizo, nadhani yalimkumbusha pia kwamba mfalme anasikia kila kinachosemwa, na hilo halimpi mtu usingizi.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko Nubia, kaskazini mwa Sudan ya leo. Senusret III aliivamia nchi hiyo zaidi ya mara moja, akajenga ngome kando ya Nile, na huko Semna akasimamisha jiwe la mpaka katika mwaka wa 16 wa utawala wake. Maandishi yake yanasema kuwa mwana atakayeulinda mpaka huo ndiye mwanawe kweli; atakayeuacha si mwanawe. Kisha mfalme anaeleza kwamba ameweka sanamu yake hapo mpakani ili watu waushikilie na kuupigania. Kumbe sanamu ilikuwa na kazi, tena ya ulinzi! Askari aliye mbali na kwao hakuwekewa sura ile ili aone jinsi bwana mkubwa anavyolemewa na majukumu. Aliwekewa ili ajue anatazamwa.

Tukirudi nyuma karne kadhaa, kuna sanamu ya farao Khafre wa nasaba ya 4: ameketi na uso laini usio na umri, mungu Horus mwenye umbo la kipanga akimkumbatia kichwa kwa mbawa zake. Hakuna anayeiita ile picha ya mtu halisi. Wachongaji wa Senusret walibadilisha ujumbe tu: Khafre ni mungu asiyeguswa na wakati, Senusret ni mtawala asiyelala. Zote mbili ni siasa.

Na kufanana na mwenyewe hakukuwa sharti kubwa, maana jina lililochongwa ndilo lililoamua sanamu ni ya nani. Ramses II, farao wa baadaye, alizichukua sanamu za waliomtangulia, zikiwemo za Amenhotep III, zikarekebishwa hapa na pale, jina lake likachongwa, basi zikawa zake.

Atakayesema Senusret alikuwa mzee kweli, simpingi. Huenda alikuwa nayo mikunjo hiyo. Ila anieleze kwa nini maofisa wa nyakati hizo nao walichongwa wakiwa na kope zilezile nzito na masikio yaleyale. Hawakuzeeka wote kwa pamoja. Walijua sura ipi inapendeza ikulu.