Kichwa cha shairi si pambo

Kuna mwandishi anayesema kichwa cha shairi la Kiarabu ni pambo tu. Kwa watu wa kale, sawa. Shairi lilijulikana kwa mstari wa kwanza au herufi ya kina. Hamziyya, kasida ya mshairi wa kale al-Busiri tunayoisikia kwenye maulidi, imeitwa hivyo kwa sababu vina vyake ni hamza, herufi ya Kiarabu.

Lakini mtazame Mahmoud Darwish, mshairi wa Kipalestina, mwaka 1964. Shairi linaanza “Andika! Mimi ni Mwarabu”, na kichwa ni “Kitambulisho”. Kabla hujasoma neno, ushasimamishwa mbele ya ofisa, kadi mkononi. Hilo pambo gani? Ajabu ni kwamba wengi bado wanaliita “Sajjil, ana Arabi”, kwa maneno ya Kiarabu ya mstari wa kwanza, kama kasida za mababu!