Ukungu Wangu na Watu wa Bima

Jamani, mwenzenu nimelipa bima ya nyumba miaka tisa bila kuruka hata mwezi mmoja. Siku nilipoihitaji nikaambiwa ukungu wangu "haukuwa wa ghafla." Ukungu wa ghafla ukoje? Unavunja mlango?

Ulianza kama doa nyuma ya kabati la nguo, dogo kama kifungo cha shati. Mke wangu akasema tumwite fundi bomba. Mimi, bingwa wa kubana matumizi, nikalipaka rangi. Likatulia wiki mbili, likarudi na ukoo mzima: weusi, wa kijani, mwingine una manyoya kabisa. Koti langu la harusi lilitoka kabatini lina ndevu kunishinda.

Nikapiga simu. "Nyumba yangu imejaa ukungu." Dada wa mapokezi akanipoza: "Usijali, jua likichomoza utaondoka."

Akaja mkaguzi, kijana mpole (mkaguzi mpole muogopeni). Akabandika kidude cha kupima unyevu ukutani, akakwangua rangi kwa ukucha. Doa la kwanza likachungulia. "Mzee wangu, bomba lingepasuka usiku, asubuhi ukatuita, tungelipa. Hili limevuja taratibu miezi kadhaa. Mkataba unaita kutotunza nyumba." Nikamuuliza ukungu huchukua muda gani kuota. Eti ukuta ukilowa, saa 24 mpaka 48 zinatosha. Sasa siku mbili si ghafla? Mimi kukata kucha tu naahirisha wiki!

Akafunua mkataba, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kumbe hata ningekubaliwa, fidia ya ukungu ina kikomo chake, tena kifupi. Na mafuriko ni bima ya peke yake. Sikuuliza mafuriko mimi, lakini alishanogewa.

Kilichonimaliza ni picha. Aliuliza kama nina ushahidi, nikampa simu kwa mbwembwe. Picha ya kwanza: mimi na brashi, meno yote nje, nimesimama mbele ya doa lililopakwa nusu. Tarehe ipo chini. Akaomba nimtumie.

Jana usiku nimesikia chini ya sinki: to... to... to. Nimekaa macho naliombea bomba lipasuke lote, kwa kishindo, majirani wakiwa mashahidi. Mke wangu keshampigia fundi.